Tabaga Usoni pa Mgeni

Kaltumi binti Abudu hakuwahi kukubali kuitwa mjane. Hapo mtaani Kasubi, Kampala, wamejaribu wengi. Alijaribu sheikh wa msikiti, wakajaribu shemeji zake waliotaka kugawana kiwanja cha ndugu yao, akajaribu Zubairi muuza nyama, ambaye alileta posa mara tatu, na mara ya tatu alikuja na ulimi mzima wa ng'ombe umefungwa kwenye gazeti. Kaltumi aliupokea ulimi, akaupika, akala na mwanawe, kisha akamtumia Zubairi jibu lile lile la siku zote: "Mimi nina mume. Amesafiri."

Amesafiri. Neno hilo alilisema mwaka wa sabini na tisa, akiwa na miaka ishirini na minne na mtoto mchanga mgongoni. Analisema mpaka leo, na magoti yake yanalia kama mlango wa banda.

Mume mwenyewe ni Abdul-Latif, dereva wa lori. Serikali ya wanajeshi, iliyojaa askari wa Kinubi, ilipoanguka mwaka ule, mji uligeuka moto kwa Wanubi wote, aliyeshika bunduki na aliyeshika usukani hesabu moja. Abdul-Latif hakuwa askari. Lakini baba yake alikuwa askari, na babu yake, na mashavuni alikuwa na zile chale tatu tatu za wazee. Chale huwezi kuzivua ukazitia mfukoni. Akasema atakwenda kaskazini mpaka mpakani, kisha atatuma habari. Kaltumi alimfungia gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, na nyama kavu kwenye sinia, akaifunika kwa tabaga mpya.

Tabaga ni kawa la kufunikia chakula, la ukindu uliotiwa rangi. Wanawake wa Kinubi wote wanazisuka. Ila kwa kina mama yake Kaltumi, tabaga ya msafiri haimalizwi. Ukingo unaachwa wazi, pengo la vidole viwili, nyuzi zinaning'inia. Msafiri akirudi, anaishika kwa mikono yake mwenyewe na aliyeisuka anafunga. Ikija habari ya kifo, anafunga peke yake, na tangu hapo tabaga hiyo haifuniki chakula tena. Kama hakuna habari, hakuna kufunga.

Mlangoni hawakuagana kwa maneno matamu. Kaltumi alimwambia, "Usiioshe kwa maji ya moto, rangi itatoka." Abdul-Latif akacheka, akaondoka. Ndiyo maneno ya mwisho aliyompa mumewe, na yamemkaa kooni miaka yote hiyo kama mwiba wa samaki.

Tangu siku ile, kila adhuhuri Kaltumi anapakua sahani moja ya ziada, anaifunika, anaiweka kwenye kizingiti cha jiko. Alasiri ikiadhiniwa, anampa yeyote anayepita. Binti yake Zuleika alikua akiiona sahani ile, akaolewa Bombo, akazaa. Sasa mjukuu, Husnah, anakaa na bibi yake ili asome chuo, na yeye pia ameizoea. Hakuna anayeigusa kabla ya alasiri.

Jumanne moja, baada ya swala ya adhuhuri, Kaltumi alitoka na sahani mkononi akakuta mwanamume amesimama uani.

Mwanamume alikuwa mweusi wa nguo, kifua kimejaa, anayumba kidogo kama mtu aliyetembea mbali. Na usoni, pale pa macho na pua na mdomo, alikuwa na tabaga. Zambarau, kijani, chungwa, nakshi ya meno ya mamba ikizunguka mara saba. Chini kushoto, pengo la vidole viwili.

Sahani ilianguka, ikavunjika. Husnah alitoka mbio chumbani.

"Haboba, umeanguka?"

"Huyu nani?"

"Nani?"

"Huyu. Amesimama hapa hapa na wewe unaniuliza nani."

Husnah alitazama, akaona fulana yake aliyoianika asubuhi, upepo umeitia tumbo. Picha ilikuwa imechapwa mbele, kubwa, kutoka shingo mpaka pindo. Akataka kucheka, akaona vigae miguuni pa bibi yake, akaacha.

"Huyo ni Mgeni, Haboba. Wa bendi ya Matanga. Ni picha tu."

Kaltumi aliisogelea fulana kama mtu anavyomsogelea mbwa asiyemjua. Akaweka vidole viwili juu ya lile pengo. Vikaenea.

Matanga ni kundi la vijana wanne wa Kampala wanaopiga muziki wa roki, magitaa yanalia kama bati linalokatwa. Hawapandi jukwaani hivi hivi. Mmoja ni Hakimu, ana nywele za katani. Mmoja ni Bibi Harusi, ana shela na ndevu. Mmoja ni Askari Zamu, analala katikati ya wimbo akaamka akipiga ngoma. Na wa nne ni Mgeni, ambaye hasemi, haimbi, anapiga gitaa zito amefunika uso. Majina yao ya kweli hayajulikani. Kwa hiyo mashabiki wamebaki na picha za majalada ya santuri zao, na kila Jumamosi wanakutana Bugolobi, kwenye nyumba ya ghorofa ya mmoja wao, wanabishana maana yake.

Husnah alieleza haya yote huku anaokota vigae.

"Na huyu Mgeni wanasema ni nani?"

"Inategemea, Haboba. Kuna wanaosema ni jua. Ile duara usoni ni jua, na mizunguko saba ni siku saba. Wengine wanasema ni kifo. Kuna Nabila, yeye anasema ile ni saa, na lile pengo ni saa ambayo haipo."

"Saa ambayo haipo. Huyo Nabila anasoma nini?"

"Sheria."

"Mungu atuhifadhi," Kaltumi akasema. "Ile ni tabaga ya kufunikia gurusa. Nimeisuka mimi."

Husnah alimtazama bibi yake, akasema "Sawa, Haboba," kwa ile sauti ambayo vijana wanawasemea wazee, na Kaltumi akaisikia sauti hiyo, akanyamaza siku mbili.

Lakini Mgeni hakunyamaza. Kaltumi anauza tabaga zake sokoni Owino, upande wa vyombo, na njia nzima ya kwenda huko alimkuta. Bango lake lilikuwa kwenye ukuta wa duka la simu. Lilikuwa kwenye nguzo, limechanwa nusu, pengo limebaki. Msichana mmoja pale pale Owino alikuwa amembeba mgongoni kwenye mkoba, na kila alipogeuka Mgeni naye aligeuka, akimtazama Kaltumi bila macho. Jioni akiswali, alikuwa akitoa salamu kulia na kushoto kwa uangalifu, asije akamkuta ameketi safu moja naye.

Akamwita Husnah. "Nionyeshe picha zote."

Majalada yalikuwa matatu. La kwanza ni lile la fulana: Mgeni amesimama kwenye nyasi kavu. La pili lina lori lisilo na magurudumu, mlango wa dereva uko wazi. La tatu lina sinia tupu juu ya kiti, na chini ya kiti kiatu kimoja. Kaltumi alizitazama kwenye simu ya mjukuu wake mpaka simu ikazimika, akaomba iwashwe tena. Yeye ambaye aliicheka saa isiyokuwepo ya Nabila, sasa alikuwa akihesabu majani ya nyasi. Lori lile ni la Abdul-Latif. Sinia ni lake. Kiatu kimoja, maana yake yule mtu bado anatembea na kingine. Na juu ya yote, pengo liko wazi. Mwaka wa sabini na tisa mpaka leo halijafungwa. Mtu wake angekuwa amekufa, lingefungwa.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo asingelifanya mtu asiyetoka nyumba ya mama yake. Alisahau kwamba wa kufunga alikuwa ni yeye tu. Wengine wote duniani hawakujua kwamba kuna cha kufunga.

"Abdul-Latif yu hai," akamwambia Husnah. "Hao wanne wanajua alipo. Jumamosi utanipeleka Bugolobi."

"Haboba, hao si bendi. Ni mashabiki tu. Wanakunywa soda wanabishana."

"Basi nitabishana."

Jumamosi akavaa gurbaba yake ya harusi, ile nguo ya kujifunga ya Kinubi, akajitanda tarha nyeupe, akapanda ngazi za ghorofa tatu akipumzika kila kona na kumkatalia Husnah mkono. Ndani kulikuwa na vijana kama ishirini, weusi tupu wa nguo, wameketi sakafuni. Ukutani jalada la kwanza lilikuwa limebandikwa kubwa kama mlango. Wote wakasimama kumlaki. Mmoja akamletea kiti, akamwita Jaja, yaani bibi kwa Kiganda.

Nabila wa sheria alikuwa anaendelea. "Kwa hiyo pengo ni namba saba mpaka namba nane. Saa ya Mgeni imeondolewa."

"Wewe na saa zako," akasema kijana mwembamba aliyeketi dirishani, jina lake Kidega. "Mimi nasema ule ni mlango. Ameuacha wazi kwa sababu kuna mtu hajaingia."

"Kidega, kila kitu kwako ni mlango. Lori, mlango. Kiatu, mlango."

Wakamcheka. Kidega akanywa soda yake.

Kaltumi akapiga mkono wa kiti. "Nyinyi watoto, nisikilizeni. Hilo si jua, wala saa. Ni tabaga. Nilimsukia mume wangu Abdul-Latif alipokwenda kaskazini, na sikuifunga ukingo kwa sababu bado hajarudi. Mnaona mbele tu. Ndani, kwenye kitovu, pale ukindu unapoanzia, kuna uzi mwekundu nilioutoa kwenye hii gurbaba niliyovaa. Igeuzeni muone. Anayeivaa, uzi unamgusa pua. Mwambieni mwenye nayo aje aniambie mume wangu yuko wapi. Nakaa Kasubi, ukiuliza Kaltumi wa tabaga utaonyeshwa."

Kisha wakapiga makofi. Walipiga makofi kwa heshima yote, wengine machozi yamewalenga, na Nabila akasema kwamba hiyo ndiyo tafsiri nzuri kuliko zote zilizowahi kutolewa, na je, wanaweza kuiita Tafsiri ya Jaja? Walikuwa wamemrekodi tangu alipoanza.

Kaltumi aliwatazama mmoja mmoja. Aliwaambia jambo la kweli la maisha yake, na wao wameliweka kwenye foleni baada ya jua na saa. Akanyanyuka. Kidega, ambaye peke yake hakuwa amepiga makofi, alimfuata mpaka mlangoni. Akasema, "Mama, pole na safari ya mumeo." Kaltumi akampita. Ngazi zilikuwa zinamsubiri.

Siku ya nne yake, saa nane mchana, mtu akabisha hodi Kasubi. Kijana mrefu, mpole, shati la kawaida, mkoba mkubwa bapa kwapani. Husnah alimkaribisha bila kujua anamkaribisha nani.

"Naitwa Oola," akamwambia Kaltumi. "Nimekuona kwenye ile video, Mama. Wale watu wamesema mengi juu yangu, miaka mitatu. Hakuna picha hata moja inayoonyesha ndani."

Akafungua mkoba, akatoa tabaga. Kaltumi hakuitazama rangi, rangi ilikuwa imefifia. Akaigeuza, akapeleka kidole kwenye kitovu. Uzi ulikuwepo, umegeuka kahawia, unang'aa kwa jasho la pua ya mtu mwingine.

Husnah aliichungulia kutoka mlangoni, akauona uzi.

"Mume wangu yuko wapi?"

Oola akauweka mkoba sakafuni. "Mama, mimi sikuwepo. Aliyekuwepo ni bibi yangu, Joska. Yeye ndiye aliyeniambia habari za Mgeni tangu mtoto, akanipa na hii, na mimi nikamtengenezea nyimbo. Nilidhani ni hadithi ya kututisha tulale. Juzi nilimpigia nikamwambia uzi mwekundu. Akasema anataka kuzungumza na mwenye uzi."

Akapiga simu, akaiweka mezani sauti juu. Joska alikuwa kijijini kwao, Acholi, kule kaskazini, miguu imemkataa. Lakini alikaa kambi za polisi na mumewe miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, hakina mapambo.

"Wewe ndiyo mwenye hii kitu?"

"Ndiye mimi."

"Unaitwa nani, mama?"

"Kaltumi."

"Kaltumi. Mimi natafuta hii jina tangu sijazeeka." Simu ikakoroma. "Sikiliza. Yeye alikuja kwetu mchana. Vita iko kila mahali, watu ya huku walikuwa na hasira na watu yenu, wewe unajua kwa nini. Yeye alitoka kwenye nyasi, kiatu moja. Na uso alifunika na hii kitu. Mimi nilifikiri ni shetani. Nilikuwa na ndoo kichwani, nilimwaga maji yote."

"Kwa nini alifunika uso?" akauliza Kaltumi, ingawa alikuwa amekwisha kujua.

"Chale. Alikuwa anaficha chale. Alikuwa na homa, anatetemeka. Baba yangu akaona chale, akaangalia sisi wote, akasema huyu ni mgeni, na mtu akija kuuliza, hapa hakuna mtu. Tulimweka kwenye ghala siku tatu. Hakusema jina. Baba pia hakuuliza, jina wakati ule ilikuwa inaua. Siku ya tatu alimaliza."

Uani bata wa jirani alikuwa akilia. Kaltumi akainamia simu.

"Alimaliza na homa? Au watu ndio walimmaliza? Niambie, mwanamke. Mimi si mtoto."

"Homa. Mimi mwenyewe nilifunga macho yake. Wewe unaweza kukataa, mimi siwezi kukulazimisha. Lakini nikuambie kitu moja. Mimi nilitaka kuosha hii kitu yake, ilikuwa na damu ya mguu. Nilileta maji ya moto. Yeye alikuwa amelala hawezi hata kugeuka, lakini alinyanyua mkono. Akasema, 'Si maji ya moto. Rangi itatoka. Mwenyewe ni mkali.'"

Kaltumi alifumba macho. Husnah, ambaye hajawahi kumwona bibi yake akilia, alimtazama akingoja, na hakuona chozi. Aliona tu mdomo wa bibi yake unasogea, kama anajibu mtu.

"Mama, uko?" Joska akaita.

"Nipo."

"Tulizika yeye nyuma ya ghala. Bila jina. Kwetu, mtu akizikwa hivyo hatulii, na nyumba yake haitulii. Mimi nilitundika hii kitu yake mlangoni na kila nikipika nasema, mgeni, karibu. Hiyo pengo, dada zangu walitaka kushona. Mimi nilikataa. Nilisema wacha wazi, roho yake ipite. Sasa niambie jina, nikamwambie kwamba tunajua."

"Abdul-Latif," Kaltumi akasema. "Abdul-Latif wa Kaltumi."

Joska alilirudia mara tatu, polepole, kama mtu anayepokea kitu chenye moto. Kisha simu ikakatika, au aliikata.

Kaltumi aliingia chumbani, akatoka na sindano yake ya mfupa na ukindu ulioloweshwa. Akaketi mkekani. Pengo lilikuwa pale pale, vidole viwili. Desturi ilikuwa wazi: habari ya kifo, unafunga peke yako. Akachoma mara moja, akasimamisha sindano. Akamtazama Oola.

"Njoo ushike."

"Mimi, Mama?"

"Kuna mwingine?"

"Mama, mimi si yeye."

"Najua wewe si yeye. Yeye alikuwa mzuri wa sura. Shika."

Oola akapiga magoti, akaishika tabaga kwa mikono miwili, na Kaltumi akafunga ukingo, mzunguko mmoja juu ya mwingine, anavuta mpaka ukindu unalia. Hakuharakisha. Alipofika mwisho alikata uzi kwa meno. Sahani ya adhuhuri ilikuwa kizingitini bado, imefunikwa. Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa. Akamwambia Husnah ampe Oola ale.

Sheikh alipopata habari alikuja kumweleza kwamba eda hana. Eda inahesabiwa tangu siku mtu alipokufa, si siku uliposikia, kwa hiyo yake ilikwisha kabla binti yake hajaota meno. Kaltumi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa chai.

"Ilikwisha kwenu," akamwambia. Akavaa nyeupe, akakaa ndani miezi minne na siku kumi, na hakuna aliyethubutu kumwita jina lolote.

Tabaga alimpa Oola aondoke nayo, kwa kuwa haifuniki chakula tena, na uso si chakula. Mlangoni alimwambia asiioshe kwa maji ya moto.

Mwezi wa tatu wa eda ile, Husnah alirudi Jumamosi kutoka Bugolobi, akaketi miguuni pa bibi yake. Matanga walikuwa wametoa jalada jipya. Mgeni amesimama kwenye nyasi zile zile, mviringo usoni mzima, hauna pengo. Mashabiki karibu wapigane. Nabila anasema saa imerudi. Wengine wanasema wamebadilisha mtu, huyu si Mgeni wa kweli.

"Hukuwaambia?"

"Uliniapisha, Haboba."

"Na yule wa dirishani?"

"Kidega? Amesema mlango umefungwa, maana yake yule aliyekuwa anangojwa ameshaingia. Wamemcheka kama kawaida."

Kaltumi alitazama uani. Nje upepo ulikuwa umeijaza tena fulana nyeusi kwenye waya, na alikuwa ameiona tangu asubuhi, na hakuwa amesema itolewe.

"Huyo mtoto anakula wapi?"

"Sijui, Haboba. Anakaa peke yake."

"Kesho mpelekee gurusa, uifunike vizuri. Usimwambie kitu, mpe tu ale." Akanyoosha mguu wake mbovu. "Na tabaga yangu urudi nayo."